Saketi bila kukariri: mwongozo wa umeme kwa Form Two na Form Three

Mwanafunzi wa Form Three hata umwamshe usiku wa manane atakutajia V = IR (volti ni karenti mara ukinzani), ila mchoree saketi yenye resista tatu umuulize hii ya katikati ina volti ngapi, anachukua volti zote za betri anagawa kwa resista ya kwanza anayoiona halafu anasonga mbele kwa kujiamini kabisa. Fomula anayo. Asichojua ni kwamba hiyo V anayoiandika ni kati ya wapi na wapi, na hiyo I anayoitafuta inapita kwenye waya upi. Mwongozo wote huu unazunguka hapo hapo, ukishika hayo mawili zilizobaki ni hesabu za shule ya msingi.

Vifaa kwanza

Umeme wa kwenye daftari peke yake haukai kichwani, kwa hiyo changeni hela watu wanne watano mnunue vitu vyenu. Kariakoo kwenye maduka ya spea za redio utapata vyote: betri tatu kubwa za volti 1.5 na kibebeo chake, balbu ndogo mbili za tochi zilizoandikwa 2.5V 0.3A, resista ya omu 100 na ya omu 220 (chukueni mbili mbili, ni vitu vya hela ndogo sana), swichi, waya mwembamba, na multimita ya digitali ya bei rahisi, zile DT830 za rangi ya njano au nyeusi zinatosha sana. Ukimwambia muuzaji "resista ya 100 robo wati" anakuelewa. Ukifika nyumbani hakikisha rangi: kahawia, nyeusi, kahawia ni 100, na mstari wa dhahabu pembeni maana yake inaweza kuzidi au kupungua asilimia 5, yaani ukipima ukakuta 97 usirudi dukani kugombana.

Kitu kimoja sitaki mjadala: hakuna jaribio lolote humu linalogusa soketi ya ukutani. Ukutani kuna volti 230, betri zako tatu zina 4.5. Kwa betri utakosea mara kumi na utaishia kuunguza resista tu, kwa soketi unaweza usipate nafasi ya kukosea tena.

Hatua ya 1: funga mzunguko

Chukua betri moja, balbu moja, na kipande kimoja tu cha waya, uiwashe balbu. Watu wengi wanahangaika hapa kuliko wanavyodhani, kwa sababu hawajawahi kuiangalia balbu vizuri. Balbu ina sehemu mbili za kugusa, ile ncha ya chini na ule mwili wa chuma wa pembeni, na ndani waya mwembamba umeunganishwa mwisho mmoja kwenye ncha na mwisho mwingine kwenye mwili. Kwa hiyo njia inatoka chanya ya betri, inaingia kwenye ncha, inapita kwenye ule waya mwembamba, inatokea kwenye mwili, inarudi hasi, halafu ndani ya betri inaendelea mpaka chanya tena. Fuata kwa kidole. Kama kidole kimekwama mahali, umeme nao umekwama hapo hapo.

Sasa gusisha waya moja kwa moja kutoka chanya mpaka hasi bila balbu (sekunde moja tu usizidishe), utausikia unapata moto. Hiyo ndiyo shoti. Mzunguko umefungwa vizuri tu ila hakuna kitu cha kuzuia karenti, na betri inakufa haraka. Taa ya LED usianze nayo, inapitisha upande mmoja na inataka resista ya kuilinda, utajichanganya bure.

Hatua ya 2: karenti ni nini hasa

Karenti ni kiasi cha chaji kinachopita sehemu moja ya waya kwa sekunde. Ampea 1 ni kulombi 1 kwa sekunde, na kulombi 1 ni elektroni kama 6.25 × 10¹⁸ hivi kwa sababu kila elektroni ina chaji ya 1.6 × 10⁻¹⁹ C. Balbu yako ya 0.3A ikiwaka dakika moja zimepita 0.3 × 60 = kulombi 18. Q = It, imeisha hiyo.

Kinachosumbua ni imani moja mbaya sana kwamba balbu "inakula" karenti, eti inaingia nyingi inatoka kidogo. Haili. Fikiria mnyororo wa baiskeli: ukikanyaga pedeli mnyororo mzima unatembea saa ile ile, tairi la nyuma linapata nguvu, na hakuna pingili hata moja iliyoliwa na tairi. Elektroni zenyewe zinatambaa polepole mno, kwenye waya wa kawaida haifiki hata milimita kwa sekunde, ila balbu inawaka palepale kwa sababu waya ulishajaa elektroni tangu kiwandani na zote zinaanza kusogea pamoja. Kinachobaki kwenye balbu ni nishati, chaji inarudi yote.

Usiniamini, pima. Weka multimita kwenye 200mA, unga betri mbili na resista ya 100 kwenye sirizi (kimoja baada ya kingine, njia moja), kata njia kabla ya resista uingize mita hapo katikati, soma. Kisha itoe uiweke baada ya resista. Namba ile ile, karibu miliampea 30.

Hatua ya 3: volti, na hapa tukae kidogo

Volti haipiti popote. Ukimsikia mtu anasema "volti zinapita kwenye waya" mrekebishe kwa upole. Karenti ndiyo inapita, volti ni tofauti kati ya nukta mbili: kila kulombi ikitoka nukta hii kwenda ile inaacha juli ngapi njiani. Volti 1 ni juli 1 kwa kulombi. Betri ya 1.5V inaipa kila kulombi juli 1.5, na kulombi hiyo ikizunguka mpaka kurudi lazima iwe imeziacha zote, haiwezi kurudi na chenji. Ukiyaelewa maneno hayo umeielewa ile sheria ya pili ya Kirchhoff ya mwaka 1845 kabla hujaisoma.

Ndio maana mita zinaungwa tofauti. Ya volti inagusa nukta mbili kutoka nje, saketi huibomoi wala huikati, yaani inakaa paraleli. Ya ampea lazima karenti ipite ndani yake, kwa hiyo unakata waya unaiingiza katikati, sirizi. Na kwa sababu mita ya ampea ina ukinzani mdogo sana, ukiigusisha kwenye miguu miwili ya betri kana kwamba unapima volti umepiga shoti, fyuzi ya ndani inakatika, na mita nyingi za bei rahisi tundu la 10A halina fyuzi kabisa. Tabia ya kujijengea: kabla hujagusa chochote angalia kisu (kile cha kuzungusha kuchagua volti au ampea) kiko wapi na waya mwekundu uko tundu lipi. Ukimaliza kupima karenti rudisha kwenye volti, kila mara, hata kama unarudia dakika mbili baadaye.

Ikisoma namba yenye alama ya kutoa mbele hujaharibu kitu, umegeuza waya tu.

Hatua ya 4: Ohm kwa mkono wako

Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari huko Köln, Ujerumani, kitabu chake kilitoka 1827. Betri za zama zile zilikuwa hazitulii, volti zinapanda zinashuka, ikabidi atumie vipande vya metali mbili tofauti, ncha moja kwenye maji yanayochemka nyingine kwenye barafu, ndio apate volti zinazokaa sawa. Wewe una betri za dukani kwa hiyo huna kisingizio.

Unga resista ya 100 na betri moja, pima volti juu ya resista na karenti inayopita. Ongeza betri ya pili, pima. Ya tatu, pima. Utapata vitu vya karibu na hivi: 1.5V na 15mA, 3.0V na 30mA, 4.5V na 45mA. Chora grafu, V wima, I mlalo, na tafadhali badilisha miliampea kuwa ampea kwanza, 45mA ni 0.045A, maana hapo ndipo watu wanapata jibu la 0.1 badala ya 100 na wanaliandika bila hata kushtuka. Mwinuko wa mstari ni R. Kama swali limekuambia I iwe wima, mwinuko ni 1/R, na hilo wanalipenda kulitegesha. Pembetatu ya kupimia mwinuko iwe kubwa, ikate zaidi ya nusu ya mstari, na mwinuko uandikie yuniti zake.

Kwa nini nimesema 100 na siyo 10? Kwa sababu resista ya 10 kwa volti 4.5 inapitisha 0.45A, nguvu yake ni 4.5 × 0.45 = wati 2 na kidogo, wakati resista yako ni ya robo wati. Itafuka moshi. Ya 100 inafika 0.2W, inapata joto ila inahimili. Vitabu vingi vinaandika resista za omu 2 na 3 kama vile ni kitu cha kuchezea, mbele ya betri halisi hesabu hiyo ifanye kwanza.

Sasa rudia na balbu. 2.5V kwa 0.3A ni omu 8 na kidogo, sawa? Itoe kwenye saketi uipime ikiwa baridi kwa sehemu ya omu ya multimita, inasoma kidogo sana, mbali kabisa na nane. Mita haijaharibika. Waya wa ndani ni wa tangsteni, ukipata moto ukinzani unapanda, kwa hiyo grafu ya balbu inapinda. Ukiulizwa balbu inatii Sheria ya Ohm, jibu ni hapana, na sababu ni hiyo: sheria inataka joto lisibadilike.

Hatua ya 5: sirizi na paraleli

Kwenye sirizi njia ni moja, karenti ni moja, volti zinagawana. Unga 100 na 220 kwa betri mbili. Jumla 320, karenti 3 ÷ 320 = 0.0094A. Juu ya ile 100 kuna 0.94V, juu ya 220 kuna 2.06V, jumlisha unapata 3. Mwenye ukinzani mkubwa anabeba volti nyingi. Pima uone.

Kwenye paraleli nukta mbili ni zile zile kwa resista zote, kwa hiyo volti ni zile zile, karenti ndiyo inayogawana. 100 inapata 3 ÷ 100 = 30mA, 220 inapata 13.6mA, betri inatoa 43.6mA. Ukinzani wa jumla ni 3 ÷ 0.0436, kama 68.8. Ni ndogo kuliko hata ile ndogo yao, na inaeleweka, umeongeza njia. Ukitumia fomula ya 1/R utapata 0.01455 na kazi bado haijaisha, geuza. Sijui ni kwa nini lakini watoto wa shule wanaishia hapo hapo kila mwaka, jibu "0.0145 Ω", wakati ulishajua tangu mwanzo jibu lazima liwe chini ya 100 na siyo mbali sana nayo.

Saketi mchanganyiko twende na hii, ichore: betri ya 6V, resista ya 2 kwenye sirizi, ikifuatiwa na 3 na 6 zilizo paraleli. Usiguse V = IR bado. Kunja kwanza kile kipande cha paraleli: 3 × 6 ÷ 9 = 2. Sasa una 2 na 2 sirizi, jumla 4. Karenti ya betri 6 ÷ 4 = 1.5A, na hapa 6V ilikuwa halali kwa sababu 4 ndiyo iliyo kati ya miguu ya betri. Kunjua: karenti yote 1.5A inapita kwenye ile 2 ya mwanzo, inachukua 3V. Zimebaki 3V kwa kile kipande cha paraleli. Basi 3 inapata 1A, 6 inapata 0.5A, jumla 1.5, imekubali. Yule wa mwanzo aliyegawa 6 kwa 3 angepata 2A kwenye tawi moja, zaidi ya betri yenyewe inavyotoa.

Hatua ya 6: betri nayo ina ukinzani

Wazee wanaanika betri za redio juani. Ukicheka utakuwa hujaelewa, maana betri iliyochoka ukinzani wake wa ndani umepanda, na joto linaushusha kwa muda, redio inaimba nusu saa nyingine. Pima mwenyewe: betri iliyochoka ikiwa haijaungwa popote inaweza kusoma 1.4V nzuri kabisa, ukiunga balbu inadondoka. E = I(R + r), E ni volti za betri ikiwa haijaungwa, r ni ukinzani wake wa ndani. Mfano E ni 1.5V, ikitoa 0.3A volti za miguuni zinakuwa 1.2, basi 0.3V imepotelea ndani, r = 0.3 ÷ 0.3 = omu 1. Ndiyo sababu pia balbu ya tochi ya betri mbili imeandikwa 2.5V wakati betri mbili ni 3, aliyeitengeneza anajua zikianza kutoa karenti hazibaki 3.

Hatua ya 7: nguvu, LUKU, na ekstensheni ya ghetto

P = VI, na kwa kuwa V = IR unapata I²R na V²/R, chagua inayoendana na ulichopewa. Yuniti moja ya LUKU ni kilowati moja kwa saa moja, yaani wati 1000 × sekunde 3600 = juli milioni 3.6. Pasi ya wati 1000 nusu saa ni nusu yuniti. Feni ya wati 60 usiku mzima wa saa 10 ni 0.6, kwa hiyo ile pasi ya asubuhi ya haraka haraka inakaribia feni ya usiku kucha, na bado nyumbani wanagombana kuhusu feni.

Nyumba imeungwa paraleli ndio maana ukizima taa ya sebuleni friji haizimiki, na kila kifaa kinapata 230V yake. Ubaya wake karenti zinajumlishana. Jiko la wati 2000, pasi ya 1000 na hita ya 1500 zote kwenye ekstensheni moja: 4500 ÷ 230 = ampea 19.6, wakati plagi ya miguu mitatu inabeba 13. Fyuzi ikiwa ya kweli, hiyo ndiyo inayopaswa kukatika. Kama kuna mtu aliweka kipande cha waya badala ya fyuzi, basi kitakachokatika ni kingine. Fyuzi na swichi vinakaa kwenye laivu (waya unaoleta umeme), siyo nyutro (wa kurudishia), kwa sababu ukikata nyutro kifaa kinazima huku ndani bado kina 230V kikikusubiri. Waya wa ethi, kijani na njano, umeungwa na bodi ya chuma ya kifaa ili laivu ikigusa bodi karenti kubwa iende ardhini na fyuzi ikatike kabla hujashika wewe.

I²R hiyo hiyo ndiyo inayoeleza minara mikubwa. Bwawa la umeme la Kidatu lina uwezo wa megawati 204 na umeme wake unakuja Dar es Salaam kwa laini ya kilovolti 220. Nguvu ile ile ukiisafirisha kwa kilovolti 11, karenti ingekuwa mara 20, na joto linalopotea kwenye waya linafuata karenti mara karenti yenyewe, yaani I × I, kwa hiyo mara 400. Transfoma za mtaani zinaishusha mwishoni kabisa, karibu na nyumba.

Hatua ya 8: saketi haiwaki, unafanyaje

Kwenye praktiko watu wanapaniki wanabomoa kila kitu. Usibomoe. Acha swichi ikiwa imewashwa, weka mita kwenye volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri usiutoe hapo. Mwekundu gusa chanya ya betri, kwa betri mbili soma kama 3. Kisha sogea nukta moja mbele, ng'ambo ya swichi, nukta nyingine, ng'ambo ya resista, hivyo hivyo ukifuata njia. Kama njia imekatika mahali karenti ni sifuri kila sehemu, na V = IR inasema resista nzima isiyopitisha karenti haichukui volti yoyote, kwa hiyo utaendelea kusoma 3, 3, 3, halafu ghafla sifuri. Kosa liko kati ya hizo nukta mbili za mwisho. Mara nyingi ni waya ambao ganda lake la plastiki halijamenywa vizuri, au balbu haijakazwa. Kama zinashuka kidogo kidogo kama kawaida na bado balbu haiwaki, saketi iko sawa, karenti ndiyo ndogo, angalia umeweka resista gani. Na kama hata kule kwenye chanya ya betri unasoma sifuri, angalia kwanza kisu cha mita kiko kwenye volti, ndipo ulaumu betri.